Mashimo Kumi ya Udongo wa Kahawia

Ripoti mimi huisoma kuanzia nyuma. Mbele huwa kuna picha nzuri, ramani za rangi na maneno ya kumpendeza mwenye mradi. Nyuma kuna viambatisho, na ukweli wa kazi yetu hukaa huko kwa kuwa hakuna anayehangaika kufika. Asubuhi ile karani alinipa nakala niigonge mhuri kabla haijaingia kabatini. Nikalamba kidole, nikafungua ukurasa wa mwisho, nikaanza kurudi. Shimo la thelathini na moja, sawa. La thelathini, sawa. Nilipofika la ishirini nikasita.

"Udongo wa kahawia, mkavu. Hakuna dalili ya maji."

Nikavua miwani, nikaifuta, nikaivaa tena. La kumi na tisa, kahawia. La kumi na nane, kahawia. Nikarudi mpaka la tisa: mashimo kumi na mawili, yote kahawia, na chini ya kila karatasi saini yangu. Saini zote zilifanana, hata pale kalamu iliporuka kidogo kwenye herufi ya mwisho. Mimi mkono wangu ni mbaya, sijawahi kusaini mara mbili kwa namna moja tangu nijue kushika kalamu.

"Hii imeshakwenda?" nikamuuliza karani.

"Imekwenda Ijumaa, Mama Keekee. Mkurugenzi aliipeleka mwenyewe."

Ijumaa nilikuwa kwa daktari wa meno. Kumbe siku ile niling'olewa vitu viwili.

Kazi yangu ni kupima udongo kabla watu hawajajenga. Kiwanja kikiwa na msitu au maji, sheria inataka mtaalamu aliyesajiliwa aende akatoboe mashimo, aandike alichokiona, asaini. Chombo changu ni keekee, chuma kirefu chenye mpini juu na meno chini, unakizungusha kinashuka, ukikivuta kinapanda na udongo wake. Miaka ishirini na mbili nimekizungusha, ndiyo maana wananiita Mama Keekee. Wengine huniita hivyo kwa heshima, wengine kwa sababu mdomo wangu nao unatoboa. Kujua kama udongo una mchanga mwembamba, mimi huusugua kwa meno ya mbele. Daktari wangu hunikemea kila mwaka na mimi humwambia kila mtu na kazi yake.

Kiwanja chenyewe kilikuwa cha kiwanda cha matofali kilichokufa zamani. Tanuri limebaki kichuguu cha matofali mabovu, miti imeota mpaka ndani ya bomba la moshi, na upande wa chini, walikokuwa wakichimba udongo, kumekuwa kinamasi. Matete, mafunjo, vyura, ndege wenye miguu mirefu. Mwenye mradi alitaka kuweka maghala na maegesho ya malori. Nilipokwenda kupima nilikuta maji yamepungua sana, nikashangaa, kisha nikaona mtaro mpya umekatwa kwenye kona na kufunikwa matawi. Nilicheka. Maji unaweza kuyafukuza kwa mtaro wa wiki moja. Rangi hufukuzi. Udongo uliokaa majini miaka mingi hupoteza wekundu wake, ukawa wa kijivu, na kwenye njia za mizizi hubaki nyuzi za kutu. Ukiukausha leo, watoto wako wataukuta kijivu. Mashimo yangu kumi na mawili ya upande wa chini yalitoa kijivu tupu, na niliandika kijivu, kwa penseli, kama ninavyoandika siku zote kwa sababu wino haupendi mvua.

Nikaichukua ile ripoti, nikaingia kwa Mkurugenzi bila kubisha hodi.

Mkurugenzi ni mdogo wangu, tumbo moja. Alipomaliza shule akawa amekaa tu nyumbani anahesabu mabati, nikamchukua akiwa na miaka kumi na tisa, nikampa mkoba wa sampuli abebe, nikamfundisha udongo. Alikuwa hodari kuliko wote niliowahi kuwafundisha. Baadaye akaenda kusomea biashara, akarudi, akafungua kampuni, akaniajiri dada yake. Yeye ana ofisi, mimi nina usajili. Bila namba yangu, ripoti zake za udongo ni karatasi za kufungia misumari.

"Dada, kaa kwanza."

"Sikai. Nani kaandika kahawia?"

"Punguza sauti, watu wanasikia."

"Wasikie! Nani?"

Akainuka, akafunga mlango. "Yale ni mashimo ya kiwanda tu, dada. Watu walichimba udongo wao, mvua ikajaa. Leo tukayaite ardhi oevu, kwa lipi?"

"Sheria haiulizi nani kachimba. Inauliza kuna nini."

"Na sasa hakuna kitu. Nenda kaangalie. Pakavu."

"Pakavu kwa sababu mmekata mtaro."

"Alikata injinia wa mradi. Mimi nilikuta umeshakatwa."

"Na kalamu? Nayo uliikuta imeshaandika?"

Akashika kichwa. Nilimhurumia kidogo, nakiri. Alikuwa amekonda, shati limemlegea shingoni. "Ile kampuni ndiyo inayotupa kazi zote za mwaka huu," akasema. "Tukiwaambia hapajengeki, kesho wanakwenda kwa wengine. Hapa tuko watu saba, kila mmoja ana watoto. Wewe unatetea vyura."

"Chini ya pale kuna mtaa mzima. Mvua ikikosa pa kukaa itakwenda kulala kwao, vitandani mwao, na karatasi itasema mimi ndiye niliyeiruhusu. Mimi, siyo wewe. Andika barua uirudishe ripoti."

"Siwezi."

"Basi nitaandika mimi."

"Dada, usitumwagie mtama penye kuku wengi. Tutayamaliza nyumbani."

"Nyumbani tunamaliza mambo ya nyumbani," nikamwambia, nikampa kisogo.

Barua niliiandika siku ile ile, ukurasa mmoja, nikaipeleka kwa miguu yangu ofisi ya mazingira. Nilisema karatasi kumi na mbili zina saini yangu na hazina maneno yangu. Nikaambatisha kurasa za daftari langu. Kabla sijafika nyumbani simu ya mama ilikuwa imeshapiga mara nne.

"Unataka kumfunga mdogo wako?"

"Hapana, mama. Nataka kijivu changu."

"Kijivu ndiyo nini? Damu nzito kuliko maji, mwanangu."

"Mama, kesi yenyewe ni ya hayo maji."

Akakata. Mama hajawahi kunikatia simu. Nilikaa jikoni na sufuria tupu mkononi, nikalia, halafu nikakasirika kwa sababu ya kulia, nikaiosha ile sufuria iliyokuwa safi.

Majibu ya mdogo wangu kwa ofisi ya mazingira nilisomewa na afisa mwenyewe. Alikuwa mama mfupi mwenye mvi, anazungumza kama mtu anayelipia kila neno. Mkurugenzi aliandika kwamba kahawia niliiandika mimi, kwa hiari yangu, na kwamba nimegeuka kwa sababu tunagombana juu ya nyumba aliyoacha baba. Nyumba ile haijawahi kugombaniwa na mtu. Aliandika pia kwamba daftari la penseli si ushahidi, kwa kuwa penseli hufutika. Hilo lilinikata maini, maana kuandika kwa penseli nilimfundisha mimi.

"Unajua sheria," afisa akaniambia. "Ukikutwa umeikana kazi uliyoifanya kweli, unafutiwa usajili."

"Najua."

"Na unaendelea?"

"Mama, mimi nimetoboa pale mashimo thelathini na moja. Nifutwe, lakini nifutwe kwa kijivu."

Akatupangia siku ya kwenda kiwanjani, sisi sote.

Tulifika asubuhi, jua bado halijawa kali. Sikupatambua. Upande wa chini ulikuwa umefyekwa wote, matete na mafunjo yamechomwa, majivu yametandazwa, na juu pamekauka ganda gumu lenye nyufa. Kwa macho usingejua kinamasi kinaanzia wapi na nchi kavu inaishia wapi. Kutoka kwenye tanuri hadi ukuta wa mtaa wa chini kulikuwa uwanja mmoja tu mweusi. Injinia wa mradi alikuwa amesimama katikati ya njia na buti mpya, ameshika kiuno kama anayesubiri kupigwa picha.

"Karibuni kwenye kinamasi," akasema, "mwenye viatu vya kuogelea atangulie." Akacheka peke yake.

Nikaitoa keekee yangu garini. Mdogo wangu akasema haraka, "Asichimbe yeye. Atachagua mahali anapopajua."

Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimtukane, nikaufunga. Sijui nilipata wapi akili ile, pengine hasira ikizidi hugeuka akili. Nikamtupia keekee, akaidaka.

"Chimba wewe," nikasema. "Ripoti yako inasema huku chini kote ni kahawia. Basi chagua mwenyewe. Mashimo kumi, popote unapotaka, kuanzia chini ya tanuri. Likitoka moja tu la kijivu nimeshinda. Yakitoka kumi ya kahawia, nifutiwe usajili hapa hapa na nitamwomba radhi injinia mbele yako."

Afisa akamtazama mdogo wangu, akanitazama mimi. "Nyote mmekubali?"

"Nimekubali," akasema mdogo wangu. Hakuniangalia.

Akashuka kutoka kwenye tanuri, akatembea polepole, akasimama. Akasogea hatua mbili kushoto, akazungusha. Mkono wake ulikuwa bado mzuri, haukulazimisha chuma. Udongo ukapanda. Afisa akaumega, akautia maji kidogo, akaushika kando ya kitabu cha kulinganishia rangi za udongo, akafunua kurasa mbili, akakielekeza kwenye jua.

"Kahawia," akasema. Akachomeka kigingi chenye utepe mwekundu kando ya shimo, kama ilivyo desturi, ili shimo lisipotee.

La pili kahawia. La tatu kahawia. Nilijiuliza kama nimezeeka, kama kuna siku nilikaa kwenye jua nikaota kijivu mashimo kumi na mawili mfululizo. Miaka ishirini na mbili ilikuwa mikononi mwa mtu aliyeniibia saini, na mimi ndiye niliyempa chuma cha kunimalizia. Injinia akaanza kupiga mluzi.

Wakati anatafuta mahali pa shimo la nne nikaacha kutazama keekee, nikatazama miguu yake.

Alikuwa anatembea kwa kisigino. Anakishusha, anakisikiliza, ndipo anaweka uzito. Kinamasi kilichokauka juu hukidanganya jicho, kisigino hakidanganyiki, kinasikia ulaini ulio chini ya ganda. Hayo hayamo kwenye kitabu chochote. Nilimfundisha mimi, kwenye viwanja kumi huko nyuma, nikimchapa kwa kamba ya kupimia kila alipokanyaga ovyo. Na sasa kila kisigino kilipomwambia "laini", alirudi hatua moja, akachimba pale pale ukingoni.

Nikakaa kimya. Waliowahi kufanya kazi na mimi hawataamini.

La tano. La sita. Kati ya la sita na la saba kuna mahali ambapo kinamasi kinatoa shingo nyembamba na kupenya kati ya miti miwili mikubwa. Hata mimi siku ya kwanza nilipapita bila kujua, nikapagundua siku ya tatu. Yeye alipafikia, akainama kama anayefunga kamba ya kiatu, akaizunguka shingo yote mpaka upande wa pili bila hata kugusa, kisha akatoboa. Kahawia.

"Saba kwa saba!" injinia akapaza sauti. "Mama, tuendelee au tukanywe maji?"

"Kumi," akasema afisa.

La nane lilikuwa karibu na ukuta wa mtaa, la tisa kando ya ule mtaro, na la kumi karibu arudi tulikoanzia. Yote kahawia. Mdogo wangu alikuwa anatiririka jasho, lakini macho yake yalikuwa ya mtu aliyevuka. Injinia alinipa mkono kwa dharau. Sikuupokea, mikono yangu niliifungia nyuma.

"Twendeni juu nikaandike fomu," afisa akasema.

Tukapanda kwenye kichuguu cha tanuri. Afisa akakaa juu ya tofali, akafungua ubao wake wa kuandikia, akaandika mstari mmoja. Kisha akainua kichwa kutazama chini, na kalamu ikasimama.

"Nipe daftari lako," akaniambia.

Nikampa. Akafungua ule ukurasa wa ramani ya penseli, ile niliyoichora siku ya nne nikiwa nimepiga magoti kwenye matope. Akaiweka kwenye goti. Akatazama ramani, akatazama chini, akatazama ramani. Kule chini vigingi kumi vilikuwa vimesimama, tepe nyekundu zinapepea juu ya majivu, na vilikuwa vimejipanga. Vilishuka kutoka kwenye tanuri, vikapinda, vikaizunguka ile shingo penye miti miwili, vikafuata ukuta, vikarudi kwa mtaro hadi mwanzo. Vilikuwa mstari wangu. Ndani yake, katika eneo lote lile kubwa, hapakuwa na kigingi hata kimoja.

"Mkurugenzi," akasema afisa.

"Naam, mama."

"Umezunguka. Umezunguka nini?"

Injinia akadakia, "Kuna mashina kule, mama, na majivu, mtu lazima—"

"Sijakuuliza wewe." Hakuinua hata sauti. "Mkurugenzi, mtu anayechimba mahali ambapo kote ni kahawia angekwenda kokote. Angalau mara moja angekata katikati, hata kwa uvivu tu. Wewe umefanya kazi ya mpimaji, na umeifanya vizuri sana. Sasa chukua keekee, kachimbe pale katikati, tumalize."

Akaichukua. Akashuka. Nilitaka kufurahi na furaha haikuja. Nilimwona wa miaka kumi na tisa, mkoba umemvuta bega moja, ananiuliza kila baada ya hatua kumi, "Hapa, dada? Hapa?" Nilimpenda na nilitaka kumpiga makofi, yote kwa wakati mmoja. Alifika kwenye kigingi cha saba, akavuka hatua moja ndani. Akashusha kisigino. Akasimama hivyo muda mrefu, keekee imemlalia begani, haichimbi.

"Andika kijivu," akasema.

"Sijasikia," akasema afisa, ingawa sote tulisikia.

"Kijivu!" Sauti yake ilipasuka. "Yote kumi na mawili. Aliandika kijivu, mimi ndiye niliyebadilisha. Andika."

Injinia alianza kushuka upande wa pili wa kichuguu, simu sikioni, buti zake zinateleza kwenye matofali. Hakuna aliyemwita. Mdogo wangu alipanda polepole mpaka tulipokaa, akaiegemeza keekee kwenye ukuta wa tanuri kwa uangalifu, meno juu, ili yasiharibike.

"Umefurahi?" akaniuliza.

"Hapana. Lakini singerudi nyuma hata hatua moja, na nikiambiwa leo nianze upya nitaandika barua ile ile."

"Kampuni imekwisha, dada."

"Imekwisha Ijumaa, ulipochukua jina langu bila kuniomba. Mimi leo nimekuja kulichukua tu."

Afisa alitoa fomu mpya, ile ya kusahihisha karatasi za mashimo. Kwa mazoea akaninyooshea mimi kalamu, kwa kuwa mtaalamu aliyesajiliwa ni mimi, na saini ya udongo siku zote ni yangu. Nikairudisha kwa vidole viwili.

"Mimi nimeshaandika mara moja," nikasema. "Mpe yeye. Aandike kwa mkono wake, shimo moja moja, kuanzia la tisa, na asaini jina lake."

Akapokea, akashuka nayo hadi garini. Aliandika ameinama juu ya boneti ya gari, shimo moja moja, rangi, kina, nyuzi za kutu kwenye njia za mizizi. Hakuomba daftari langu hata mara moja. Alivikumbuka vina vyote.